Upande wa Gazeti

Ukitaka kujua siasa za gazeti, usianze na tahariri. Tahariri husomwa na wachache, na mara nyingi huandikwa kwa adabu zake. Simama asubuhi kwenye meza ya magazeti, Posta au Kariakoo, uangalie watu wanavyosoma bila kununua: mikono nyuma, shingo mbele, macho yanakimbia juu ya vichwa vya habari, kisha wanawahi kazini. Muda huohuo redio zinasoma kurasa za mbele, na picha za kurasa hizo zimeshazagaa WhatsApp. Wanaonunua gazeti ni wachache. Wanaoondoka na kichwa cha habari ni wengi mno. Upendeleo wenye nguvu hukaa hapo, na hauhitaji uongo hata mmoja.

Tuchukue mkutano wa hadhara wa chama cha upinzani katika viwanja vya Furahisha, Mwanza. Mfano ni wa kubuni, ila hakuna mpiga picha wa magazeti atakayeuona mgeni. Mkutano umetangazwa saa nane mchana. Anayefika saa nane kamili atapata viti vitupu na watoto wanaokimbizana mbele ya jukwaa. Akivuta subira hadi saa kumi, mgombea akishashika kipaza sauti, naye akapanda juu ya gari la matangazo, atapata umati uliobanana hadi ukingo wa picha. Picha zote mbili ni za kweli. Anayeamua ipi itumike hakuwapo Mwanza. Amekaa Dar es Salaam, na anamjua mwenye gazeti.

Sasa maneno. Mgombea amesema wakulima wa pamba wanapunjwa kwenye mizani. Gazeti moja litaandika kwamba amesema, jingine kwamba amedai, na hilo la pili limeshapanda shaka kabla habari haijaanza. Waziri akijibu kesho yake, yeye hadai: anafafanua, anaweka wazi, anatoa ufafanuzi wa kina. Piga mstari chini ya vitenzi hivi katika gazeti lolote wakati wa kampeni. Upande wake utauona kabla hujafika aya ya nne. Halafu tafuta sauti ya upande wa pili imewekwa wapi. Mara nyingi iko mkiani, ukurasa wa 5, katika ile sentensi tuliyoizoea kwamba simu yake iliita bila kupokelewa. Iliita saa ngapi? Mtu akipigiwa mara moja, saa tatu usiku, kurasa zikiwa njiani kwenda mtamboni, sharti la kuuliza pande zote limetimizwa kwenye karatasi tu.

Isidhaniwe kwamba gazeti la chama lina raha. Agosti 2021, Uhuru, gazeti la CCM lililoanzishwa enzi za TANU, liliweka ukurasa wa mbele habari kwamba Rais Samia hana wazo la kugombea urais 2025. Habari ilitokana na mahojiano yake na BBC, na serikali ikasema hakutamka hivyo. Chama chenyewe kikasimamisha uchapishaji kwa siku 7, serikali nayo ikalifungia siku 14. Kichwa kimoja cha habari kilitosha kulitia matatani gazeti ambalo utii wake hakuna aliyewahi kuutilia shaka.

Nusu karne nyuma kuna kisa kinachonivutia zaidi. Tarehe 5 Februari 1970 Mwalimu Nyerere alilitaifisha The Standard, mali ya kampuni ya Lonrho ya Uingereza, akamkabidhi Frene Ginwala, mwanaharakati kutoka Afrika Kusini, kuliendesha. Aliahidi kwamba gazeti litaunga mkono siasa ya nchi, lakini litakuwa huru kukosoa. Ahadi haikuwa ya mzaha, kwani gazeti lilikosoa kweli. Mwaka 1971 likachapa tahariri iliyoishambulia serikali ya Nimeiri huko Sudan kwa kuwanyonga wakomunisti, na Ginwala akapoteza kazi. Mwaka 1972 The Standard likaunganishwa na The Nationalist, gazeti la TANU, likazaliwa Daily News chini ya Benjamin Mkapa.

Siku hizi kumwondoa mhariri si lazima. Gazeti haliishi kwa bei ya nakala. Linaishi kwa matangazo, na serikali na mashirika yake ni watangazaji wakubwa: zabuni, nafasi za kazi, kurasa nzima za pongezi. Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 iliipa Idara ya Habari-MAELEZO kazi ya kuratibu matangazo yote ya serikali, hadi marekebisho ya 2023 yalipokiondoa kifungu hicho. Lakini anayelipa bado anachagua pa kutangaza. Kwa hiyo hakuna waziri anayehitaji kupiga simu. Mkuu wa matangazo anaingia kwenye kikao cha wahariri, anauliza tu kesho gazeti linabebwa na nini.