Saa 14 droo moja: zipi zibaki, zipi ziuzwe?

MFANYABIASHARA mmoja wa mahindi mjini Songea ana saa 14 za mkononi. Anayoivaa kila siku ni moja. Nyingine amezikusanya kwa zaidi ya miaka 20, moja moja, kila msimu ulipomwendea vizuri. Safari hii alipopungukiwa mtaji kabla ya ununuzi wa mahindi kuanza, mkewe hakusema mengi. Alimfungulia droo.

Mfugaji analijua tatizo hili: kundi kubwa, malisho yale yale. Saa haili majani, lakini ina gharama yake. Saa ya kutia ufunguo, hata isipovaliwa, mafuta yake hukauka, na kila baada ya miaka kadhaa fundi lazima aifungue na kuisafisha. Saa ya betri ikiachwa na betri iliyokufa ndani, betri huvuja na kula mitambo. Mpira wa kuzuia maji nao hukakamaa.

Saa tano za betri zilikuwa zimesimama. Fundi alipozifungua, mbili zilikuwa zimeliwa na kutu. Tatu ziliwekwa betri mpya, zikauzwa kwa bei ya kutupa. Si ajabu. Tangu Seiko ya Japani ilipoingiza sokoni saa ya kwatzi Desemba 1969, saa za aina hiyo zimekuwa rahisi kutengeneza, na zinakosea sekunde chache tu kwa mwezi. Kitu kinachopatikana kila duka hakipandi bei kwa kukaa kabatini.

Pigo lilikuwa saa ya "dhahabu" yenye jina la Rolex, ambayo mwenyewe alikuwa ameipigia hesabu ya gunia nyingi. Mwaka 2017 Rolex ya mwigizaji Paul Newman iliuzwa mnadani New York kwa zaidi ya dola milioni 17, na habari za namna hiyo huwapa watu matumaini makubwa. Usoni iliandikwa kuwa inajijaza yenyewe. Fundi alipotoa mfuniko, ndani ilikuwa betri. Ni feki.

Kosa la kawaida ni kumwachia mnunuzi huyo huyo akadirie bei. Afadhali kumlipa fundi asiyenunua, halafu saa ziuzwe moja moja, kwani muuzaji mwenye shida ya fedha hujulikana mapema, iwe kwa mahindi au kwa saa.

Zimebaki tatu. Casio F-91W, aina iliyotoka mwaka 1989, ni ya ghalani na mnadani: nyepesi, na betri yake hukaa karibu miaka saba. Seiko 5 ya otomatiki ni ya harusi na benki. Ya tatu ni HMT ya India ya kutia ufunguo, aliyoachiwa na baba yake. Serikali ya India iliamua mwaka 2016 kukifunga kiwanda hicho, hivyo vipuri hupatikana kwa kuvunja saa nyingine. Kwa hesabu ya biashara ingeuzwa ya kwanza. Mwenyewe amekataa, na mkewe pia.

Tano zilizosalia ziko kwa fundi. Mbili zimeshapata wateja, na fedha zake zimenunua maturubai ya kuanikia mahindi.