Iringa hadi Njombe, mwezi wa Julai

Rafiki zangu wa Dar es Salaam wakiniuliza waje lini kwetu, jibu langu ni moja: Julai, na mje na makoti. Wengi huja Desemba, ukungu na mvua vikawafichia vilima. Kipupwe ndicho kinachoifunua nchi hii. Anga hutakata, na kutoka Iringa mjini hadi Njombe, safari isiyofika kilomita 250, unaona kilima nyuma ya kilima mpaka macho yanachoka.

Njombe ndiko anakoishi shangazi yangu, na kila kipupwe nampelekea mchele. Siondoki alfajiri. Nasubiri hadi saa mbili ukungu upungue, kwa sababu barabara hii ndiyo njia ya malori ya Tunduma na Zambia, na lori lililo ndani ya ukungu huwa halionekani mpaka limekufikia.

Baridi yenyewe ina sababu zake. Mwezi wa Julai jua liko upande wa kaskazini wa ikweta, na ardhi yetu imeinuka: Iringa iko zaidi ya meta 1,500 kutoka usawa wa bahari, Njombe inakaribia 2,000. Usiku usio na mawingu joto la ardhi hupaa lote, kama nyumba iliyoezuliwa paa. Mabondeni sakitu hutanda juu ya majani, na wakulima wakiona viazi vimekauka husema barafu imeunguza.

Kilomita kama 20 kutoka Iringa mjini kuna Isimila, penye nguzo za udongo zilizochongwa na maji na zana za mawe za watu wa kale. Ingia asubuhi, wakati jua bado linapiga ubavuni na kila nguzo ina kivuli chake. Ifunda mimi hupita tu, ingawa kila nikipita nawakumbuka wakimbizi wa Kipolandi waliohifadhiwa pale wakati wa Vita Kuu ya Pili. Sijui baridi yetu waliionaje, wao waliozoea theluji.

Mafinga ndipo ninaposimama kwa muda mrefu. Harufu ya mbao mbichi inakupokea kabla ya nyumba. Hapa unaanza msitu wa Sao Hill, shamba kubwa kuliko yote ya miti ya serikali nchini: misindano iliyopangwa mistari, kisha milingoti inayotoa nguzo za umeme. Stendi, wapiga debe wamevaa mizula hadi kwenye nyusi, na mama ntilie wameweka majiko ya mkaa miguuni. Kunywa chai ya tangawizi hapo, na chapati ya moto, ukiwa umesimama juani. Mwenye nafasi aingie kushoto pale Nyororo kwenda kwenye mashamba ya chai ya Mufindi. Huko upepo wa kusi hupanda kutoka bondeni na ukungu wake, kwa hiyo chai hupata unyevu hata mvua zikiwa zimekatika.

Makambako ni mji wa njia panda, wenye stesheni ya TAZARA na kelele zake. Malori yananyoosha kwenda Mbeya, mimi nakata kushoto. Ghafla barabara inatulia. Viazi vimepangwa kwenye ndoo kandokando, miwati imefunika miteremko, moshi unatoka mapaani mchana kweupe. Karibu na Njombe mjini, Mto Ruhuji unaporomoka juu ya miamba jirani kabisa na lami. Teremka uuangalie.

“Shikamoo, shangazi.”

“Marahaba, mwanangu. Funga mlango, baridi inaingia.”

Kutoka kwake, mwenye siku ya pili aendelee hadi Makete. Maua ya Kitulo, uwanda wa huko, ni ya masika, asiyatarajie Julai. Atakuta mashamba ya ngano na viazi, na ng'ombe wa maziwa wakilishwa kwenye uwanda huo ulio juu kuliko Njombe, na usiku atahitaji mablanketi matatu.