Koha: Zawadi Iliyotokea Maktabani

Askari aliyepata kulinda ghala ajua kwamba bunduki isiyoandikwa daftarini ni sawa na iliyopotea. Kadhalika kitabu: kikiwamo maktabani bila mtu kujua kilipo, mwanafunzi wa uofisa atakikosa siku anayokihitaji.

Mwaka 1999 maktaba za Horowhenua, nchini New Zealand, zilikuwa mashakani, kwani programu yao ya kompyuta isingeweza kuumudu mwaka 2000. Badala ya kununua nyingine kwa bei ghali, ziliwapa mafundi wa kampuni ya Katipo kazi ya kutunga mpya. Ilianza kutumika Januari 2000, ikaitwa Koha, neno la Kimaori lenye maana ya zawadi. Nayo ikatolewa bure kwa ulimwengu mzima.

Leo maelfu ya maktaba huitumia. Mkutubi huona papo hapo iwapo kitabu kipo rafuni au kimeazimwa, nani anacho, na siku ya kukirejesha.

Lakini, ndugu askari, kompyuta haijui ila iliyoambiwa. Asiyeandika kwa uaminifu kilichotoka na kilichoingia huigeuza kuwa daftari la uongo. Programu ni zawadi. Nidhamu ni wajibu wetu wenyewe.