Sanaa ya Kufa Vema

Biblia haimfichi msomaji kwamba maisha ni mafupi. Zaburi ya 90, ambayo kwa mapokeo ni sala ya Musa, inamkadiria mwanadamu miaka 70, au 80 akijaliwa nguvu. Katika Injili ya Luka, tajiri anayepanga kubomoa maghala yake ili ajenge makubwa zaidi anatwaliwa usiku uleule. Hata hivyo, imani ya Kikristo haiishii kwenye huzuni hiyo. Inafundisha kwamba mtu hufa mara moja kisha husimama mbele ya hukumu, na kwamba ufufuo wa Kristo umefungua uzima usio na mwisho. Linalobaki ni la vitendo: mtu ajiandae vipi?

Swali hilo liliikaba Ulaya koo wakati wa tauni kuu ya mwaka 1347 hadi 1351. Mapadre waliokwenda kuwaungamisha wagonjwa walikufa pamoja nao, na maelfu wakakata roho bila sakramenti. Januari 1349, Askofu Ralph wa Bath na Wells, Uingereza, aliwaruhusu wanaokufa waungame kwa mlei yeyote padre asipopatikana, hata kwa mwanamke. Kwa Kanisa la zama zile hilo lilikuwa jambo zito sana, na linaonyesha jinsi hali ilivyokuwa imefika pabaya.

Kutoka katika mazingira hayo kilizaliwa kitabu kiitwacho Ars moriendi, yaani sanaa ya kufa. Kiliandikwa kwa Kilatini mwanzoni mwa karne ya 15, karibu na wakati wa Mtaguso wa Konstanz (1414–1418), na mwandishi ambaye jina lake halikuhifadhiwa. Alitegemea sana mafundisho ya Jean Gerson, mwanateolojia wa Paris. Baadaye ilitoka nakala fupi yenye picha 11 zilizochongwa kwenye mbao na kupigwa chapa, ambazo hata asiyejua kusoma aliweza kuzifuata.

Picha hizo zinaeleza majaribu matano yanayomvamia mtu kitandani pake: kuikana imani, kukata tamaa kwa sababu ya dhambi, kukosa subira katika maumivu, kujivunia wema wake, na kung'ang'ania mali na jamaa anaowaacha. Kila jaribu la shetani linafuatwa na picha ya malaika akimtia moyo mgonjwa, na ya 11 inaonyesha roho ikipokewa mbinguni. Jaribu la nne ndilo lenye busara kubwa zaidi. Mwandishi alijua kwamba mcha Mungu, akishavuka hofu na maumivu, anaweza kuanguka kwa kujihesabia haki, kana kwamba mbingu ni ujira wake.

Nakala ndefu ina jambo jingine ambalo nyumba nyingi bado hulikwepa. Inawakataza ndugu na marafiki kumdanganya mgonjwa kwamba hakika atapona, kwa sababu tumaini la uongo humnyima nafasi ya kutubu. Inawapa maswali ya kumwuliza: Je, anaamini? Anajutia makosa yake? Amewasamehe waliomkosea? Yuko tayari kurudisha alichochukua isivyo haki? Anayejiandaa kumwona Mungu anarudishwa kwanza kwa jirani yake.

Martin Luther aliushika uzi huohuo katika hotuba yake ya mwaka 1519 kuhusu kujiandaa kufa. Hakuanza na malaika wala jehanamu. Alianza na mirathi: mtu agawe mali yake waziwazi, ili kifo chake kisiwaachie ndugu ugomvi. Kisha asamehe na kuomba msamaha. Baada ya hapo ndipo amgeukie Mungu, kwa sababu kifo, alivyoeleza Luther, ni kama kuzaliwa: mtoto hupita njia nyembamba kwa hatari na uchungu, akatokea kwenye ulimwengu mpana.

Karne iliyofuata, waandishi waliyaondoa maandalizi kitandani na kuyaeneza katika maisha yote. Kardinali Roberto Bellarmino, katika kitabu alichokitoa mwaka 1620, mwaka mmoja kabla ya kufa kwake, aliweka kanuni ya kwanza kwamba anayetaka kufa vema hana budi kuishi vema. Sehemu nzima ya kitabu hicho inamhusu mtu mwenye afya. Jeremy Taylor, Mwanglikana, alikwenda mbali zaidi mwaka 1651. Aliwaonya wanaoahirisha toba hadi saa ya mwisho, kwani homa na hofu humwachia mtu akili kidogo mno kwa kazi kubwa kama hiyo. Alishauri kila jioni mtu aipime siku yake na kuifungia hesabu. Onyo hilo ni kali, lakini ni la haki: mwizi aliyesulubiwa pamoja na Yesu aliokolewa saa ya mwisho, ila hakuna aliyeahidiwa kwamba saa yake ya mwisho itampa fursa ya kusema.

Katika Afrika Mashariki, fundisho hilo la kutosubiri lilionekana wazi katika Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukaenea Uganda, Kenya na Tanzania. Walokole, kama walivyoitwa wafuasi wa Uamsho huo, waliungama hadharani wakiwa wazima. Mali zilizoibwa zilirudishwa kwa wenyewe, madeni ya zamani yakalipwa, na waliokosana wakaombana msamaha, bila kungoja mtu aitwe kitandani.