Las Vegas: kasino zapunguza malipo ya blackjack, mchezaji mdogo ndiye anayeumia

Kunako mji wa Las Vegas, nchini Marekani, mchezo wa karata wa blackjack, yaani ishirini na moja, ungali unavuta watu. Lakini masharti yake yamebadilika, na mabadiliko hayo yanakula mfuko wa mchezaji polepole.

Kubwa zaidi ni malipo. Mchezaji akipewa karata mbili za kwanza zenye jumla ya 21, tangu zamani alilipwa 3 kwa 2: kwa dau la dola 10, faida ni dola 15. Tangu mwanzo wa miaka ya 2000, kasino zilianza kueneza malipo ya 6 kwa 5. Kwa dola 10 zile zile, faida ni dola 12.

Dola 3 zinaonekana kidogo, ila tupige hesabu. Katika michezo 100, karata hizo mbili hutoka karibu mara 5. Mchezaji hodari anayeweka dola 10 kila mara, kwa malipo ya zamani na masharti mazuri, hupoteza kwa wastani dola 5 hivi. Kwa malipo mapya hupoteza karibu dola 19.

Mvutano huu ulianza zamani. Mwaka 1962, mwalimu wa hesabu Edward Thorp alitoa kitabu Beat the Dealer, akionyesha kwamba anayehesabu karata zilizokwisha kutoka anaweza kuishinda kasino. Mwaka 1964, kasino za Las Vegas zilibana masharti ya mchezo. Wateja wakakimbia, na baada ya muda mfupi masharti ya zamani yakarudishwa.

Kasino zikatafuta njia nyingine. Badala ya seti moja ya karata 52, meza nyingi zinatumia seti 6 au 8. Mashine nazo huchanganya karata bila kupumzika, na kuhesabu kunakosa maana. Mwaka 1982, mahakama kuu ya jimbo la New Jersey iliamua kwamba kasino haziwezi zenyewe kumfukuza Ken Uston kwa sababu tu anahesabu karata.

Wanaohesabu karata ni wachache. Malipo ya 6 kwa 5 yanampiga kila mtu, hasa mwenye dau dogo, maana mara nyingi ni meza za dau kubwa zinazobaki na 3 kwa 2. Mwenye kidogo analipishwa zaidi.

Blackjack ilipendwa kwa sababu akili ya mchezaji ilikuwa na uzito. Uzito huo ukiondolewa, itabaki tofauti gani kati yake na mashine za bahati nasibu? Mwaka 1964, viti vitupu ndivyo vilivyorudisha masharti. Safari hii wengi wameendelea kuketi, ijapo malipo yameandikwa wazi juu ya kitambaa cha meza.