Lenzi ya ‘jicho la samaki’ inavyonasa chombo kisichoenea katika picha

CHOMBO cha anga cha Marekani, Friendship 7, kilichopita juu ya Unguja Februari 20, 1962 kikiwa na mwanaanga John Glenn, leo ni mali ya makumbusho ya anga ya Taasisi ya Smithsonian, mjini Washington. Ni kidogo kuliko daladala. Upana wa kitako chake haufiki mita 2. Hata hivyo, anayetaka kupiga picha ya ndani yake, penye kiti kimoja na ukuta uliojaa swichi na vipimo, hugundua upesi kuwa kamera ya kawaida haimfikishi popote.

Tatizo si ubora wa kamera, bali ni nafasi. Ili kitu kizima kienee katika picha, mpiga picha hurudi nyuma. Ndani ya chombo ambamo Glenn mwenyewe alienea kwa shida, pa kurudi nyuma hapapo.

Unguja ina uhusiano wa aina yake na chombo hicho. Kituo cha kufuatilia safari za mradi wa Mercury kilijengwa Tunguu, na siku ile Glenn alipokuwa akiikata anga ya Afrika Mashariki, wahudumu wa kituo walizungumza naye kwa redio na kufuatilia hali ya mwili wake, likiwamo shinikizo la damu. Kituo hakikukosa wapinzani. Baadhi ya wanasiasa wa wakati huo walikiona kuwa ni kambi ya kijeshi iliyovikwa joho la sayansi. Kilifungwa mwaka 1964, baada ya Mapinduzi. Kwa hiyo kisiwa kilichoisikia sauti ya chombo hicho hakikuwahi kukitazama kwa karibu, na kwa wakazi wake wengi picha ndiyo njia pekee ya kuingia ndani yake.

Hapo ndipo inapohitajika lenzi ya jicho la samaki. Jina hilo lina asili ya mwaka 1906, wakati mwanafizikia wa Marekani, Robert Wood, alipoeleza jinsi samaki aliye majini anavyouona ulimwengu wa juu. Vijana wanaojirusha baharini kila jioni hapo Forodhani wanaweza kulithibitisha jambo hilo wakivaa miwani ya kuzamia. Ukiwa chini ya maji yaliyotulia ukatazama juu, anga yote hujikusanya ndani ya duara moja la mwanga. Maji huipinda mianga inayotoka upeo wa pande zote na kuileta machoni kwa pamoja.

Lenzi hufanya kazi hiyo kwa vioo. Kioo chake cha mbele kimebinuka kama kitumbua, na hupokea mwanga kutoka nyuzi 180, yaani nusu nzima ya dunia iliyo mbele yake. Wa kwanza kuihitaji hawakuwa wapiga picha wa magazeti, bali watazamaji wa mawingu. Robin Hill wa Uingereza alibuni yake kwa kazi hiyo katika miaka ya 1920. Kampuni ya Nikon ilitoa lenzi ya aina hiyo ya kufungwa kwenye kamera za kawaida mwaka 1962, mwaka ule ule wa safari ya Glenn. Yeye mwenyewe alikwenda angani na kamera ndogo iliyonunuliwa dukani huko Florida.

Lakini lenzi hii haitoi bure. Mstari ulionyooka hubaki umenyooka pale tu unapopita katika kitovu cha picha. Ukijitenga nacho hupinda kama upinde. Kilicho karibu huvimba, na kilicho hatua chache nyuma hukimbilia mbali. Chombo cha anga chenye umbo la kengele kinaweza kutoka kama boga.

Dawa yake ni kuiweka lenzi katikati ya mhimili wa chombo na kuisawazisha kamera kabisa, kwani kuinama kidogo tu kunaukunja upeo wote. Flashi haifai, huangaza katikati na kuacha kingo gizani. Kinga ya kioo ni adui mkubwa zaidi, maana lenzi iliyobinuka haiwezi kubandikwa juu yake, na taa zote za ukumbi hujitokeza pichani. Kitambaa cheusi husaidia. Na kabla ya kubonyeza, tazama chini, kwani lenzi hii huona hata viatu vya anayeishika.

Chombo kingine kilichohitaji chumba kikubwa kiliwahi kuwapo mita chache kutoka bustani ya Forodhani. Katika ua wa ndani wa Beit al Ajaib, jumba lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883 na baadaye kuwa makumbusho, liliwekwa jahazi la mtepe lililoundwa upya mwaka 2003 kwa mbao zilizoshonwa kwa kamba, bila misumari. Ukisimama sakafuni ulipata omo ukakosa tezi. Aliyetaka chombo kizima pamoja na roshani zilizokizunguka alilazimika kupinda kitu.

Desemba 25, 2020 sehemu kubwa ya jumba hilo, pamoja na mnara wa saa, iliporomoka likiwa katika ukarabati, na watu wawili wakapoteza maisha. Tangu siku hiyo picha za ua ule zimekuwa na uzito mwingine, zikiwamo zile zilizopinda.

Wengi huzidharau picha za jicho la samaki kuwa ni mchezo. Dharau hiyo haina msingi. Mpindo wa lenzi hufuata kanuni ya hesabu, na kompyuta inaweza kuunyoosha, mradi ijulikane ni lenzi gani iliyotumika. Picha moja yenye nguzo, sakafu na dari kwa pamoja huonyesha kipi kilikuwa jirani na kipi, jambo ambalo picha kumi za vipande vipande huenda zisilionyeshe. Hasara ni kwamba kingo zikinyooshwa huvutika na kupoteza ukali wake, hivyo nakshi za mlango hazisomeki vizuri humo. Kwa nakshi, lenzi ya kawaida bado ndiyo yenye kazi, tena mlango mmoja baada ya mwingine, na rula ikiwa imewekwa pembeni.