Yatima Waliotengenezwa na Serikali (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tuliangalia shule za bweni za Kanada, ambamo watoto wa wenyeji wapatao 150,000 walitiwa ili wasahau lugha na jamaa zao. Leo turudi nyumbani. Kongo ya Wabelgiji nayo ilikuwa na watoto wake wa kunyang'anywa: metisi, waliozaliwa na mama Mwafrika na baba mzungu.

Kwa nini wao? Mkaaji wa Lubumbashi hahitaji kwenda mbali kupata jibu. Mji huu, Elisabethville wa zamani, ulipangwa kwa rangi: wazungu mjini kati, Waafrika Kamalondo, wakati ule ikiitwa Quartier Albert, na katikati eneo tupu lililoachwa makusudi. Mtoto wa metisi alikuwa ushahidi ulio hai kwamba mpaka ule ulikuwa ukivukwa. Bulamatari, yaani serikali ya kikoloni, aliogopa kwamba akikua atadai haki za baba yake, au atawaamsha ndugu za mama yake. Basi ikaamuliwa asiwe wa huku wala kule.

Wasichana watano wa metisi, Simone Ngalula, Monique Bitu Bingi, Léa Tavares Mujinga, Noëlle Verbeken na Marie-José Loshi walichukuliwa kwa mama zao kabla ya kutimiza miaka 7, wakapelekwa misheni ya masista huko Katende, Kasai. Familia zilitishwa zisipowatoa. Misheni waliitwa watoto wa dhambi. Uhuru ulipofika na vita kuanza, masista waliondoka, wasichana wakabaki mikononi mwa wapiganaji waliowanajisi.

Metisi wengi walibadilishiwa majina, hata tarehe za kuzaliwa, na jina la baba likafutwa. Hapo ndipo penye kidonda kisichofunga. Mtoto ambaye mama yake yu hai aliandikwa kama asiye na mtu, na karatasi hiyo ikamfuata maisha yote. Binti anachumbiwa: wajomba wa kupokea mahari wako wapi? Mjukuu anajaza fomu, anafika palipoandikwa jina la babu, kalamu inasimama. Mama naye kule kijijini alizeeka bila kujua aombe kwa jina gani.

Mnamo tarehe 4 Aprili 2019 waziri mkuu Charles Michel aliomba radhi bungeni Brussels. Wanawake wale watano hawakutosheka, na mimi naona walikuwa na haki: radhi haimtaji mhalifu kwa sheria. Walishtaki, wakashindwa mwaka 2021, wakakata rufaa. Tarehe 2 Desemba 2024 Mahakama ya Rufaa ya Brussels ikatamka kwamba serikali iliwateka kwa mpango, kwa sababu ya rangi yao, na kwamba hiyo ni jinai dhidi ya ubinadamu. Kila mmoja akapewa fidia ya euro 50,000.

Hukumu hiyo inagusa watu watano tu. Idara ya nyaraka za taifa ya Ubelgiji imeanza kutafuta faili za metisi, lakini faili ziko Brussels, na ndugu za metisi hao wako Kasai, Kivu na hapa Katanga. Wengi hawatapata viza kamwe.  Ubelgiji iweke hapa Lubumbashi meza moja, na mtu anayesema Kiswahili na Kiluba, ili mjukuu aingie na jina la bibi yake, atoke na nakala ya faili.